Swali Asiloulizwa Jacob Wainwright

Hivi karibuni, nikiwa likizoni nyumbani Ujiji, nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa ametoka kwenye usaili mjini Kigoma. Aliniamkia, akaketi, akaweka mezani bahasha ya kaki aliyokuwa ameikumbatia tangu mlangoni. Nilimwuliza mambo yalikwendaje. Akajibu, "Mwalimu, hata bahasha hawakuifungua."

Kazi aliyoiomba si ya kawaida katika mji wetu, kwa hiyo niieleze kwanza. Ni kazi ya mwandishi wa miongozo ya kiufundi: mtu anayekaa kati ya fundi anayejua na mtumiaji asiyejua, akaandika hatua kwa hatua namna ya kufunga, kutumia na kutunza mtambo, ili mtumiaji asilazimike kumwita fundi kila mara wala asijeruhiwe kwa kutojua. Katika bahasha ile mlikuwa na mwongozo wa kurasa kumi na mbili aliouandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kuhusu utunzaji wa injini za boti zinazotumiwa na wavuvi wa dagaa na migebuka. Aliuandika kwa miezi miwili, akishinda ufukweni Kibirizi na mafundi.

Aliitwa saa mbili asubuhi akaingia saa saba mchana. Jopo lilikuwa na watu wanne. Wa kwanza alimtaka ajieleze, na kabla hajamaliza akapokea simu. Wa pili aliuliza kama ameolewa, na kama ataweza kusafiri. Wa tatu alitaka kujua kama anaweza kuitengeneza injini yenyewe ikiharibika. Alipojibu kwamba hapana, lakini anajua kumwuliza anayeweza, wakatazamana. Wa nne alimwuliza kama ni mtu mwaminifu, mtiifu na mvumilivu wa shinikizo. Alipoinyanyua bahasha akaomba kuonyesha kazi yake, aliulizwa imeandikwa kwa lugha gani. Alipotaja Kiswahili, mmoja akacheka kidogo, akasema kwamba mambo ya kiufundi huandikwa kwa Kiingereza. Hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipandwa na hasira akajibu kwa mkato. Kisha akaogopa hasira yake, akaanza kukubali kila kitu: ndiyo, ataweza kupiga picha, ndiyo, ataweza kuendesha gari, ndiyo, hata injini atajifunza kuitengeneza. "Nilitoka," akasema, "nikiwa nimejikana mwenyewe mara tatu."

Aliniuliza angefanyaje. Mimi ni mtu wa historia, na ushauri wa ajira wanautoa wengine kwa ada nzuri kuliko yangu. Lakini tulikuwa tumeketi Ujiji, na usaili wa namna ile una historia katika mwambao huu wa ziwa. Nikamsimulia habari za watu watatu, wawili kati yao walioishi hapa hapa: Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright.

Kila mtoto wa shule Kigoma anajua kwamba mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone hapa Ujiji, na kwamba kuna mnara na makumbusho mahali pale. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba aliyekimbia kwenda kumwarifu Livingstone kwamba mgeni Mzungu anakuja alikuwa Susi. Susi alitoka Shupanga, kwenye Mto Zambezi, katika nchi tunayoiita leo Msumbiji. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Wote wawili walikuwa wamezunguka na Livingstone kwa miaka, wakijua majina ya mito, vijito na watemi kuliko ramani yoyote iliyokuwapo wakati ule.

Ujiji ya siku zile ilikuwa mji ambamo karatasi ilikuwa na uzito. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa hawakupenda kubeba barua za Livingstone, maana walijua zingeeleza nini huko Pwani na ng'ambo. Barua alizoandika hapa mwaka 1869 nyingi hazikufika. Alipokuwa Nyangwe, magharibi mwa ziwa, mwaka 1871, karatasi na wino vilimwishia, akawa anaandika kwa wino wa mimea juu ya kurasa za magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa. Ni katika karatasi hizo alimoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai mwaka ule. Mtu aliyeona hayo akiwa kijana, kama Chuma, hawezi kuambiwa kwamba uandishi ni kazi ya kujipumzisha.

Jacob Wainwright alikuja baadaye. Naye alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akapelekwa India katika shule ya wamisionari karibu na Nasik, akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Stanley, aliporudi Unguja mwaka 1872, alipeleka kikundi cha wapagazi kumfuata Livingstone aliyebaki Unyanyembe, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Nasik, akiwamo Jacob. Agosti mwaka ule wakaondoka Unyanyembe. Oktoba wakafika Ziwa Tanganyika na kufuata mwambao wake wa mashariki kuelekea kusini. Kwa hiyo Jacob naye aliyakanyaga mawe ya ziwa letu, ingawa si hapa Ujiji.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoitaka. Susi na Chuma, waliokuwa viongozi wa msafara, waliwaita watu wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele yao, moja baada ya jingine, ili baadaye mtu asije akasema kitu kimeibiwa. Wakamwambia Jacob aandike. Jacob akaorodhesha vilivyomo. Msomaji anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Mimi naliona kuwa miongoni mwa maamuzi ya busara sana katika historia ya misafara ya Afrika Mashariki. Watu wasio na mamlaka yoyote mbele ya serikali ya Uingereza, wakijua watakavyotiliwa shaka, walitengeneza kumbukumbu kabla ya swali kuulizwa. Kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo.

Usaili wao wa kwanza ulikuwa Unyanyembe, Oktoba 1873. Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba mtoto wa Livingstone yuko huko. Hakuwapo. Waliyemkuta ni Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, njia ya Pwani ikiwa na hatari. Walikataa. Hawakubishana naye kwa maneno mengi. Walishikilia tu jambo waliloamua. Hata hivyo Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwamo mizigoni, akaenda navyo. Februari 1874 aliingia Ujiji, akazikuta karatasi za Livingstone zilizoachwa hapa, akazituma Pwani. Yeye ana nafasi yake vitabuni kwa kuzituma. Waliozikusanya nyingine zote na kuzibeba mabegani, nafasi yao ni finyu zaidi.

Walipofika Pwani mwezi huo huo, walilipwa ujira wao na kuachishwa, kama kibarua aliyemaliza siku yake. Hakuna aliyewauliza wanajua nini. Jacob peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, kwa gharama ya chama cha wamisionari, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika baada ya mazishi, na walifika kwa sababu tu rafiki wa Livingstone, James Young, aliwalipia nauli.

Hapa mwanafunzi wangu alinikatiza. Alitaka kujua kama kule waliulizwa maswali kama yake. Nikamjibu kwamba ndipo tulipokuwa tunaelekea.

Kasisi Horace Waller alikuwa amepewa kazi ya kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapwe. Alikuwa na karatasi zilizoloa, tarakimu zilizofutika, majina ya mahali yasiyotamkika kwake, na ramani zenye mapengo. Aliketi na Susi na Chuma nyumbani kwa William Frederick Webb, Newstead Abbey, akawasaili. Fikiria hali yao: nchi ya ugenini, baridi, lugha ya watu, wenyeji wakarimu lakini wenye udadisi wa kumtazama mtu kama kioja. Wangeweza kuulizwa siku nzima kama walimpenda bwana wao na kama waliogopa simba. Na bila shaka waliulizwa.

Lakini walifanya jambo moja ambalo nadhani ndilo lililogeuza mazungumzo. Walijenga, pale Newstead, mfano wa kibanda alimofia Livingstone. Picha yake ipo hadi leo. Mtu aliyekuwa akiuliza "mlijisikiaje?" sasa alilazimika kuuliza mlango ulikuwa upande gani, kitanda kiliinuliwa kwa nini, nani alilala wapi, moto uliwashwa wapi. Maswali yakahama kutoka kwenye nafsi zao yakaenda kwenye ujuzi wao. Vivyo hivyo kwa mito na njia: walikaa juu ya ramani na karatasi, wakaeleza kijito baada ya kijito. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1874 katika majuzuu mawili, na Waller mwenyewe alikiri ndani yake kwamba aliwategemea.

Nilimwambia binti yangu yule kwamba hilo ndilo ambalo angeweza kulifanya, na ambalo bado anaweza. Usailiwapo na watu wasiojua kazi yako, usisubiri waijue. Wasailiji wengi huuliza habari za tabia kwa sababu hiyo ndiyo mada pekee wanayoimudu. Hawana ubaya, hawana pa kushika tu. Wape pa kushika. Mwongozo ungetoka kwenye bahasha mapema, kabla ya swali la ndoa, ukafunguliwa kwenye ukurasa mmoja tu, ukiwa umeambatana na plagi halisi mfukoni: "Naomba mmoja wenu afuate hatua hizi tano, nione wapi nimekosea." Swali la lugha lilipokuja, jibu halikuwa hasira wala kuomba radhi. Lilikuwa swali: nani atakayeusoma mwongozo huu, saa ngapi, akiwa wapi? Mvuvi aliye ziwani usiku wa manane, mbele ya taa zake, injini imezimika na mawimbi yanamsukuma, hatafuti ushahidi wa usomi wa aliyeandika. Anatafuta hatua inayofuata. Na kuhusu kuitengeneza injini, lile jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kulikana baadaye.

Akaniuliza, kwa haki kabisa, "Kwa hiyo Susi na Chuma walifanikiwa?"

Hapa lazima mwanahistoria aseme ukweli, hata kama unaharibu ushauri wake. Jina lililo juu ya kitabu, baada ya la Livingstone, ni la Waller. Dorothy Helly, katika utafiti wake uliochapwa mwaka 1987, ameonyesha jinsi Waller alivyokata na kulainisha maandishi ili yalingane na Livingstone aliyemtaka. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kiliamuru zitengenezwe medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara. Zilipofika Unguja wengi walikuwa wameshatawanyika, wasizione kamwe. Maneno yaliyochongwa juu yake yalisifu uaminifu wao hadi mwisho. Soma tena sentensi hiyo. Watu waliohifadhi mwili katika joto la nchi ya tropiki, waliopanga njia ya kilomita 1,500 wakikwepa vita na njaa, waliotunza daftari, vipimo na orodha, walitunukiwa kwa kuwa waaminifu. Sijui mfano bora wa jopo linalouliza kama wewe ni mtiifu huku bahasha yako ikiwa imefungwa.

Na Jacob? Jacob ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu alikuwa mwandishi hasa. Aliandika shajara yake mwenyewe ya safari ile, ushahidi wa pekee wa kuandikwa kwa mkono kutoka kwa mtu aliyekuwapo wakati wa kifo na safari ya mwili. Alifika Uingereza kabla ya wenzake. Alijua Kiingereza cha kuandika. Kwa vigezo vyote vya tangazo la kazi, yeye ndiye aliyestahili kuketi kando ya Waller. Lakini Waller aliwategemea hasa Susi na Chuma, na shajara ya Jacob ilitoka kwa tafsiri ya Kijerumani, katika jarida la jiografia la Petermann. Muswada wake umewekwa wazi kwa wasomaji wa dunia kupitia mtandao mwaka 2019 tu, miaka 146 baada ya yale yaliyoandikwa. Jacob alirudi Afrika Mashariki, akaishia kwenye kituo cha misheni cha Urambo, upande wetu huu wa magharibi, akafariki mwaka 1892. Wapo waliomwona mwenye kujivuna. Inawezekana. Kijana aliyekombolewa utumwani, akasoma, kisha akaonekana kujua thamani ya alichosoma, huonekana mwenye kujivuna kwa urahisi sana.

Swali ambalo hakuna aliyemwuliza Jacob, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, ni lile jepesi kuliko yote: uliamuaje nini cha kuandika na nini cha kuacha? Hilo ndilo swali la kazi. Mengine yote ni ya tabia.

Kigoma ina deni kubwa kwa kazi ya aina hii kuliko inavyokumbuka. Meli ya Liemba, ambayo kila mtu hapa anaijua, ilikuja kama fumbo la vipande: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha bara. Waliotumwa kuiunganisha Kigoma walikuwa watatu tu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hatunayo. Ilishushwa majini Februari 1915. Haiwezekani kuunganisha meli ya namna ile bila mtu kuwa ameketi mahali fulani akaweka alama kwenye kila kipande, akimfikiria mtu asiyemwona atakayelifungua sanduku. Na mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi ili isitekwe, mafundi walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta zikiwa salama, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Historia hiyo husimuliwa kama ya vita, hata ya sinema. Mimi huisimulia darasani kama ya watu waliomfikiria fundi wa kesho yake. Vibarua waliopigilia ribiti, je, walisailiwa? Walipangwa mstari na kutazamwa misuli.

Mwanafunzi wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Kama Jacob alijua kuandika na bado akaachwa, kwa nini aende kwenye usaili mwingine? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia tu kwamba Chuma aliendelea: mwaka 1879 ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kuelekea maziwa, Johnston akafia njiani, na Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja, akafika Tanganyika kwa sababu Chuma alijua kazi. Susi alikwenda Kongo na Stanley. Wote wawili waliajiriwa safari hizo na watu waliojua wanachokifanya. Hakuna aliyewaajiri kwa ajili ya medali. Nikaongeza, labda kwa ukali kuliko ilivyofaa, kwamba jopo lililomcheka si jopo pekee ziwani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Kibirizi. Alimpa mwongozo wake kijana mmoja wa boti ambaye hakuwahi kubadilisha plagi, akakaa kando bila kusema neno. Kijana alisoma kwa sauti, akazima injini, akaiacha ipoe, akavuta kofia ya plagi, akaifungua ya zamani. Alipofika kuifunga mpya, alishika spana moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo sentensi ilivyosema: kaza plagi kwa spana. Plagi ikaingia upande, hesi ikaanza kukwaruzika. Fundi mzee aliyekuwa akitazama alimzuia, akaizungusha kwa vidole mpaka ikakaa sawa, ndipo akamrudishia spana.

Jioni binti alinipitia akiwa na ukurasa mmoja mpya. Hatua ya tano ilikuwa imegawanywa mara mbili, na ile ya kwanza ilianza na neno "vidole". Alikuwa na usaili mwingine wiki inayofuata, mahali pengine. Aliomba nimtolee nakala nne za ukurasa huo, moja kwa kila mjumbe, na akaniuliza ni wapi Ujiji panauzwa plagi ya zamani, isiyofaa tena, kwa bei rahisi.